Uchakavu Kama Ushahidi: Mali za Kudumu katika Taarifa za Fedha, kwa Mifano ya Arusha na Meru

Tarehe 14 Mei 1984, katika mji wa Arusha, mataifa matatu ya Kenya, Tanzania na Uganda yalitia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ile iliyozaliwa kwa mkataba wa mwaka 1967 na kufa mwaka 1977. Miaka saba ilipita baina ya mauti na mirathi, na katika miaka hiyo msuluhishi, Dokta Victor Umbricht, raia wa Uswisi, alizunguka baina ya miji mikuu mitatu akitafuta neno ambalo warithi wote wangeliridhia. Aliyedhani kwamba ugomvi ule ulikuwa wa siasa peke yake hakuuelewa vyema, maana chini ya maneno ya siasa lilikuwako swali la karani wa hesabu: kichwa cha garimoshi kilichonunuliwa zamani, gati la bandari, nguzo za simu, jengo la posta, vina thamani gani leo, na ni nani mwenye haki ya kuitaja? Reli haing'olewi ikagawanywa kama nyama ya karamu. Mali zilibaki kwa sehemu kubwa pale zilipokuwa, na kwa kuwa nyingi zilikuwa nje ya mipaka ya Uganda, ikabidi Uganda itengewe fidia. Lakini fidia haipimwi kwa macho. Hupimwa kwa kima, na hakuna kima kigumu kukitaja kama kima cha kitu kikuukuu ambacho bado kinafanya kazi.

Nimeanza na mirathi hiyo kwa kuwa yafichua jambo ambalo taarifa za fedha za kampuni zetu hulifunika kwa tarakimu zilizopangwa safu kwa safu, nalo ni kwamba thamani ya mali ya kudumu kama ilivyoandikwa katika mizania, pamoja na uchakavu unaokatwa kila mwaka, ni ushahidi wa mtu: ni kauli ya mwenye mali aliyesimama mbele ya kadhi akasema, kwa kadiri ya ujuzi na uaminifu wake, kitu chake kitamfaa kwa muda gani na mwisho wake kitamwachia nini. Ushahidi huo waweza kuwa wa kweli. Waweza kutolewa na mwaminifu aliyekosea. Waweza pia kutolewa na ayari aliyekwisha kupiga hesabu ya bonasi yake kabla ya kufungua kinywa. Hoja ya makala hii ni kwamba msomaji wa taarifa za fedha asiupokee uchakavu kama mnunuzi apokeavyo bei iliyobandikwa dukani, bali ausikilize kama kadhi amsikilizavyo shahidi, akipima kauli kwa kauli na kuuliza ni nani anufaikaye nayo.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya kuletewa vitabu vya uhasibu. Wavuvi warudipo na samaki wao, gharama za safari zikiisha kuondolewa, hutengwa fungu la chombo na fungu la nyavu kabla ya nahodha na wenzake kugawana kilichosalia, kwa itikadi ya kwamba mashua na nyavu nazo zimefanya kazi, zimekula chumvi na jua, na haki yao isipotolewa leo, iko siku watu watakwenda ufukweni wakute ubao umeoza na hakuna wa kununua mwingine. Hiyo ndiyo roho ya uchakavu. Lakini ipo tofauti moja kubwa, na juu yake wafanyabiashara wengi niliopata kuzungumza nao hapa Arusha huteleza. Fungu la chombo ni fedha halisi iingiayo mkononi mwa mwenye chombo, ilhali uchakavu katika hesabu za kampuni ni tarakimu iandikwayo upande wa gharama. Hakuna senti itokayo benki, wala hakuna kasha linalojazwa. Kampuni iliyoandika uchakavu kwa miaka 10 mfululizo yaweza kufika mwaka wa 11 ikiwa haina hata shilingi moja ya kununulia mashine mpya, kwa kuwa fedha zilizosalia ndani kwa sababu ya gharama hiyo isiyolipwa mtu zilikwisha kulipa madeni na mishahara, au zilikwisha kugeuka ukuta wa nyumba ya mkurugenzi. Uchakavu huzuia faida isigawanywe kupita kiasi. Kuweka akiba ni kazi nyingine, na yataka uamuzi mwingine.

Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1972, imeviwekea nguvu nchini tangu mwaka 2004, vyaita mali ya kudumu kila kitu chenye umbo ambacho kampuni hukishika kwa matumizi yake ya kazi kwa muda upitao mwaka mmoja. Makusudi ndiyo yaamuayo, wala umbo haliamui kitu. Gari lililoegeshwa mbele ya duka la muuza magari katika barabara ya Sokoine ni bidhaa. Hilo hilo, likinunuliwa na kampuni ya kupeleka watalii Ngorongoro, lageuka kuwa mali ya kudumu siku ile ile, na gharama yake haitakuwa bei tupu ya kununulia, maana itaongezwa ushuru wa forodha, usafirishaji kutoka bandarini, na kazi ya mafundi wa hapa mjini waliolikata katikati, wakalirefusha, wakaliwekea viti zaidi na paa la kuinuka.

Neno lenyewe limetutia katika makosa. Uchakavu ni neno litokalo katika kuchakaa, na kuchakaa ni hali ya nguo, ya kandambili, ya mkeka uliokaliwa sana. Hivyo msikilizaji hudhani kwamba kitu kikitunzwa, kikapakwa rangi na kutiwa mafuta kila mwezi, hakichakai, na kwa hiyo hakistahili kukatwa chochote. Waingereza nao wana taabu yao, kwani neno lao, lenye asili ya Kilatini, lina maana ya kushuka bei, na limewafanya wengi waamini kwamba mhasibu huenda sokoni kila mwisho wa mwaka kuulizia bei. Maana ya kihasibu haiko huku wala kule. Ni kugawa: gharama ya kitu, baada ya kuondoa kile kitarajiwacho kupatikana siku kitakapouzwa, yaani thamani ya masazo, hugawanywa juu ya miaka ya manufaa yake, ili kila mwaka ubebe sehemu yake ya mzigo kwa kadiri ulivyofaidi. Ndiyo maana, kwa wakatao kwa miaka, uchakavu hausimami ati kwa kuwa gari limelala. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege vya dunia na magari ya watalii yakapangwa katika yadi za Arusha yakiota vumbi, madaftari yaliendelea kukata kama kawaida, na wenye kampuni wakalalamika kwamba wanatozwa gharama ya kazi isiyofanyika. Lakini miaka ilikuwa ikipita, na gari lililolala mwaka mzima huamka likiwa limezeeka mwaka mzima.

Miaka ya manufaa, kwa hakika, si umri wa kitu. Nenda utazame majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, yenye minara mitatu iitwayo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya, Jumuiya ikafa, mwaka 1978 kikaundwa kituo cha mikutano kuyarithi, kisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikakaa humo hadi ilipofunga kazi mwaka 2015. Zege ni lile lile, na lifti zimepanda na kushuka kwa mabwana mbalimbali. Kwa mtu aliyekadiria manufaa ya jengo hilo mwaka 1975, makadirio yangalikufa pamoja na Jumuiya baada ya miaka miwili, ingawa jengo halikupata ufa. Kwa sababu hiyo Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 chaamuru makadirio ya miaka na ya thamani ya masazo yatazamwe upya walau kila mwisho wa mwaka wa hesabu, amri ambayo aghalabu hutekelezwa kwa kunakili sentensi ya mwaka uliopita.

Na tuliangalie gari la watalii kwa hesabu, kwa kuwa hakuna mali iujuayo mji huu kuliko hilo. Tuseme kampuni imetumia shilingi milioni 120 kulinunua na kulirefusha. Mwenye kampuni ashuhudia kwamba litamfaa kwa miaka 8, na kwamba baada ya hapo ataliuza kwa milioni 24. Zinazogawanywa, basi, ni milioni 96, na kwa njia ya kukata sawasawa kila mwaka utabeba milioni 12. Hivyo baada ya miaka minne gari litaandikwa milioni 72 katika mizania. Upande wa pili yupo mtoza kodi, ambaye hana haja ya ushahidi wa mtu yeyote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tatu, imekwisha kumwekea kima: gari la abiria lenye viti pungufu ya 30 laingia katika kundi la kwanza na hukatwa asilimia 37.5 ya salio la kila mwaka. Kwa njia hiyo milioni 120 huwa 75, kisha 46.88, kisha 29.3, na mwisho wa mwaka wa nne zasalia milioni 18.31 tu. Gari ni moja, vumbi lake ni moja, na bado lina thamani mbili zilizopishana kwa zaidi ya milioni 53. Na maadam kodi ya kampuni ni asilimia 30, tofauti hiyo yazaa deni la kodi iliyoahirishwa la takriban milioni 16, ambalo msomaji asiyejua asili yake hulitazama katika mizania kama mgeni asiyealikwa.

Ni ipi kati ya thamani hizo mbili iliyo ya kweli? Swali hili laulizwa sana, nami naona limekosewa tangu mwanzo. Serikali iliweka asilimia 37.5 kwa makusudi ya sera, ili mwenye kuwekeza apate nafuu ya mapema, wala haikukusudia kueleza chochote juu ya gari. Kampuni nayo haikusema bei. Soko lina kauli yake ya tatu: gari imara la aina ya Land Cruiser, ambalo kila fundi wa Arusha anaijua injini yake na vipuri vyake vinapatikana hata penye duka dogo, laweza likauzwa baada ya miaka minne kwa kima kipitacho vitabu vyote viwili. Tuseme limeuzwa kwa milioni 90. Kampuni itaandika faida ya milioni 18 kwa kuuza mali, na mkurugenzi ataisoma mbele ya wenye hisa kwa sauti ya ushindi. Ushindi gani huo? Faida hiyo ni kukiri tu: kampuni imekiri kwamba kwa miaka minne ilikata zaidi ya ilivyostahili, ikaonyesha faida ndogo kuliko ya haki, na leo yarudisha kwa mkupuo kile ilichokinyima kidogo kidogo. Kampuni ambayo kila mwaka yapata faida ya kuuza mali yake, basi, yatwambia kwamba makadirio yake ni ya kupita kiasi. Na ile ambayo kila mwaka yapata hasara ya kuuza ilikuwa ikijisifu kwa faida isiyokuwa yake.

Upande huu wa pili ndio wenye hatari. Marekani, mwaka 1998, kampuni ya kuzoa taka iitwayo Waste Management ililazimika kusahihisha hesabu zake za miaka ya nyuma kwa kiasi cha dola bilioni 1.7, na sehemu kubwa ya udanganyifu ule ilikuwa nyepesi mno: miaka ya manufaa ya magari ya taka ilirefushwa, na magari mengine yakapewa thamani ya masazo ambayo hayakuwa nayo. Hakuna risiti ya uongo iliyohitajika wala hakuna sahihi iliyoghushiwa. Ilitosha shahidi kusema miaka 12 mahali pa 8. Turudi kwenye gari letu: miaka 8 ikigeuzwa kuwa 12, na masazo yakabaki yale yale, uchakavu wa mwaka washuka kutoka milioni 12 hadi 8, na kampuni yenye magari 40 ya namna hiyo imejiongezea faida ya milioni 160 kwa mwaka bila ya kumpeleka mtalii hata mmoja zaidi Serengeti. Atakayeuliza kama miaka 12 yawezekana na aende akaipande barabara ipitayo Lango la Loduare kuelekea tambarare, ambako njia ina rasta, kama madereva waiitavyo ile mikunjo midogo ya udongo isiyokwisha, na mwili mzima wa gari hutetemeka kwa saa nyingi hadi misumari ikalegea. Kisha alinganishe na gari la ofisi liendalo Njiro na kurudi kwa lami.

Hila nyingine, ambayo ni ndugu ya hiyo, ni kuyaita matengenezo mali. Kubadili shokomzoba na springi zilizokatika ni gharama ya mwaka ule ule, nayo yapasa kuila faida ya mwaka ule ule. Kutia injini mpya itakayolipa gari miaka mingine ya kazi kwaweza kuongezwa juu ya thamani yake, ile ya zamani ikifutwa. Mpaka baina ya mawili haya ni mwembamba, na mkurugenzi aliyebanwa na benki aujua wembamba huo kuliko mkaguzi.

Sasa tupande Mlima Meru kidogo. Kila kitabu cha mafunzo chafundisha kwamba ardhi haikatwi uchakavu, kwa kuwa haina mwisho, na mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha atapata alama zake akijibu hivyo. Lakini katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya dhamana ya Rais, na kampuni haipewi ila hati ya kuitumia kwa muda usiopita miaka 99. Kilichomo katika mizania yake, kwa hivyo, ni haki yenye tarehe ya mwisho, na kitu chenye tarehe ya mwisho hugawanywa juu ya miaka yake. Kanuni ya kitabu imeandikwa na watu wanaouza na kununua ardhi milele. Wameru hawahitaji kufundishwa tofauti baina ya ardhi na nyumba iliyo juu yake. Walipohamishwa kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, mwenzao Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kudai haki ya nchi yao, na nchi haikuwa kwao kitu cha kuhesabiwa pamoja na mabati.

Juu ya ardhi hiyo pana mibuni. Mbuni upandwao leo katika miteremko ya Meru hautazaa kitu cha maana kwa miaka ya kwanza, kisha utazaa kwa makumi ya miaka, kisha utachoka. Je, ni mali ya kudumu au ni mazao? Kwa muda mrefu viwango vya kimataifa viliuchukulia mti pamoja na matunda yake kama kiumbe hai cha kupimwa kila mwaka kwa bei ya soko, hata shamba likawa laonyesha faida kwa sababu ya kupanda kwa bei ya kahawa New York, na mwaka wa pili hasara, ilhali mkulima hakung'oa wala kupanda hata mche. Marekebisho ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika Januari 2016, yakautenga mti na tunda: mbuni sasa ni kama mashine, hupandwa kwa gharama na hukatwa uchakavu tangu uanzapo kuzaa, na buni iliyo juu yake hupimwa kwa bei. Naona hekima katika jambo hili, na kila mwenye kihamba cha mibuni angaliwaambia wataalamu wa London, waandikao viwango hivyo, mapema zaidi, lau wangalimwuliza.

Kwamba uchakavu ni kauli yenye nguvu juu ya maisha ya watu, na kwamba mwenye kuitamka ndiye apataye au apotezaye, kulidhihirika katika nchi hii mwaka 1971. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka huo iliipa serikali uwezo wa kuchukua nyumba za kupangisha zenye thamani ipitayo shilingi 100,000, na mitaa ya katikati ya mji wa Arusha, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, haikusalimika. Fidia ilipunguzwa kwa umri wa jengo, na jengo lililokwisha kupita miaka 10 halikulipiwa kitu. Miaka 10 kwa nyumba ya mawe! Leo sheria ya kodi yakata majengo ya kawaida ya biashara asilimia 5 kwa mwaka, yaani miaka 20, na Boma ya Wajerumani iliyojengwa hapa mjini mwaka 1900 ingali imesimama ikiwa makumbusho. Sizungumzii kama sheria ile ilikuwa ya haki katika siasa ya wakati wake, maana hilo lina wenyewe. Nasema tu kwamba miaka 10 haikutoka kwa fundi wa ujenzi wala kwa mhasibu. Ilitoka kwa aliyetaka kulipa kidogo. Na kampuni ya leo ichaguapo miaka, nayo ina jambo ilitakalo.

Lipo dhara kubwa kuliko hadaa, nalo humpata hata mwaminifu. Uchakavu hukatwa katika bei ya zamani. Pale fedha inapotulia, kosa hili ni dogo; pale inapoporomoka, kampuni hujila mwenyewe huku ikidhani yapata faida. Mwaka 1971, kiwanda cha matairi cha General Tyre kilipoanza kazi hapa Arusha, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7.14. Mwaka 1985 ilikuwa takriban shilingi 17, na kufikia mwaka 1990 ilikuwa imefika karibu shilingi 195. Tuchukue mashine ya kubuni, isiyo ya kiwanda chochote, iliyonunuliwa mwaka 1971 kwa dola milioni moja: vitabuni itaandikwa shilingi milioni 7.14, na kwa kukatwa miaka 20 kila mwaka utatozwa shilingi 357,000. Ifikapo mwaka 1990 kampuni imekwisha kuipeleka gharama yote katika hesabu zake, imetii kila kanuni, mkaguzi ameridhika. Na hata kama ingaliziweka kando shilingi zote hizo milioni 7.14, zisingalinunua ila dola 36,600 hivi. Kima cha mashine ni dola milioni moja, kama haikupanda bei. Kile kilichoitwa faida katika miaka ya kati, kikalipiwa kodi na kugawanywa kwa wenye hisa, sehemu yake kubwa ilikuwa mashine yenyewe ikimegwa kipande kipande.

Nadhani hapa ndipo ilipo siri moja ya kufifia kwa viwanda vyetu vya mashirika ya umma, siri isiyotajwa sana kwa kuwa ni rahisi zaidi kutaja uzembe na wizi, ambavyo navyo havikukosekana. General Tyre, ambamo serikali ilikuwa na hisa asilimia 74 na mshirika wa kigeni 26, hisa ambazo baadaye zilikuwa mikononi mwa Continental ya Ujerumani, kilisimamisha kazi mwaka 2009, na tangu hapo kila lilipozuka shauri la kukifufua lilikutana na swali lile lile la mirathi ya Jumuiya: mashine hizi zilizosimama ni mali au ni chuma chakavu? Viwango vina jibu lake. Mali isiyoweza tena kurudisha thamani iliyoandikwa, ama kwa kuitumia ama kwa kuiuza, yapasa kushushwa kwa mkupuo mwaka ule ule dalili zinapoonekana, bila ya kungoja uchakavu wa taratibu. Ni amri nzuri, illa yamtaka mkurugenzi atangaze kwa kinywa chake kwamba kitu alichokabidhiwa kimekufa, na watu wachache hupenda kuwa waosha maiti.

Hebu basi msomaji aifungue taarifa ya kampuni, apite kurasa za picha na salamu za mwenyekiti, apite hata mizania yenyewe, aende moja kwa moja kwenye maelezo ya mali za kudumu, lile jedwali lenye gharama za mwanzo wa mwaka, nyongeza, zilizoondolewa, uchakavu uliolimbikizwa na thamani iliyosalia. Kwanza agawe uchakavu uliolimbikizwa kwa gharama. Kama mashine ziligharimu milioni 900 na zimekwisha kukatwa 720, yaani asilimia 80, kampuni hiyo ni kizee hata kama faida yake yang'aa. Aliyenunua hisa zake amenunua pia bili ya mashine mpya. Kisha alinganishe nyongeza za mwaka na uchakavu wa mwaka, kwa miaka mitano ikiwezekana, maana kampuni inunuayo kidogo kuliko ikatavyo, mwaka baada ya mwaka, yavuna mibuni bila ya kupanda miche. Aulize kama kumetokea kubadilishwa kwa miaka ya manufaa, na kama kulitokea mwaka ambao faida ingalikuwa mbaya. Aulize kama thamani ilipimwa upya, na ziada ile isije ikahesabiwa kuwa riziki, kwani jengo lililopandishwa thamani halijaleta mpangaji mpya.

Na atafute vilivyokatwa vikaisha vikabaki sifuri, navyo vingali vinafanya kazi kila asubuhi. Kiwango namba 16 chahimiza vitajwe, hakilazimishi. Kwa hiyo kampuni nyingi hunyamaza. Sifuri zile ni ushahidi uliokwisha kuvunjika mbele ya macho ya wote, maana shahidi alisema kitu kitakufa mwaka fulani, na mwaka huo umepita kitu kikiwa hai. Aliyekosea hivyo katika mali ya jana amekosea pia katika mali ya leo. Wakaguzi wetu wangalitenda haki kulidai jambo hili liandikwe. Na hadi watakapolidai, ewe mwenye hisa, kabla ya kunyoosha mkono kupitisha hesabu katika mkutano mkuu, simama uulize: ni vitu gani mnavyovitumia ambavyo vitabu vyenu vyasema havipo?